Chumba 217: Hoteli ya Mizimu, na Swali Tunalosahau Kuuliza



Katika mikutano yetu miwili iliyopita, kabla hata ya kuhesabu pesa za likelemba, mazungumzo yote yalikuwa juu ya nyumba moja. Ni nyumba ya mbao, iko ndani ya parseli ya mtu, na pesa ya kuipanga si nyingi. Jamaa tatu zimehama humo, moja baada ya nyingine. Wote walisema maneno yaleyale: usiku wanasikia mtu anatembea, wanaota ndoto mbaya, asubuhi wanaamka kichwa kikiuma kama kimepigwa nyundo. Jamaa ya nne iliingia pamoja na binti wa ndugu yao, mtoto wa miaka 9 aliyefiwa na mama yake. Maneno yalipoanza tena, safari hii hayakwenda kwa nyumba. Yalikwenda kwa mtoto. "Tangu afike huyu, hatulali."

Sisi wenyewe tuligawanyika. Wengine walisema aombewe. Wengine walisema arudishwe kijijini. Ndipo mama mmoja mzee akasema: "Mizimu iko mahali pote, hata wazungu wako nayo. Iko hoteli kule Marekani ambamo watu wanalala na mzimu na wanalipa pesa." Tulicheka, lakini neno lile lilibaki kichwani. Tukatafuta habari za hoteli hiyo. Hizi ndizo tunazowaletea wiki hii, na mwisho tutarudi kwa ile nyumba ya mbao.

Stanley, lakini si yule wetu

Hoteli inaitwa Stanley. Sisi Wakongomani tukisikia jina hilo tunamfikiria mara moja Bula Matari, Henry Morton Stanley, ambaye mji wa Kisangani ulibeba jina lake mpaka mwaka wa 1966. Huyu ni mwingine kabisa. Ni Freelan Oscar Stanley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1849 katika jimbo la Maine, pamoja na pacha wake, Francis Edgar. Mapacha hao walipata utajiri kwa kutengeneza vioo vya kupigia picha, kisha wakatengeneza magari yaliyotembea kwa nguvu ya mvuke wa maji.

Mwaka wa 1903 Freelan alikuwa mgonjwa sana wa kifua kikuu. Wakati ule hakukuwa dawa ya kuponyesha ugonjwa huo. Mwenye pesa alishauriwa kwenda milimani kutafuta hewa kavu, na asiye na pesa alibaki kukohoa kwake. (Leo dawa iko, na hutolewa bure. Mtu wa nyumbani mwako akikohoa wiki mbili, mpeleke kituo cha afya, usingoje.) Freelan na bibi yake Flora walikwenda katika jimbo la Colorado, wakafika bonde linaloitwa Estes Park, kwenye urefu wa metre karibu 2.300 juu ya bahari. Goma yetu iko kwenye metre 1.500 hivi, kwa hiyo fikirini baridi ya huko. Lakini hewa ile ilimpatia nguvu. Mtu aliyedhaniwa kufa karibuni aliishi mpaka mwaka wa 1940, akiwa na miaka 91.

Kwa kuwa alipenda bonde lile, alijenga hapo hoteli kubwa ya mbao, iliyofunguliwa mwezi wa saba mwaka wa 1909. Alitengeneza hata kituo kidogo cha umeme kwenye mto wa karibu, ili wageni wapate taa. Lakini hakuweka moto wa kupasha nyumba joto. Hoteli ilifunguliwa wakati wa jua tu, na majira ya baridi ilifungwa. Nyumba kubwa ya mbao, tupu, katikati ya milima yenye theluji. Anayeishi ndani ya nyumba ya mbao anajua namna mbao zinavyolia usiku baridi inapozikaza. Ukisikia mlio huo peke yako gizani, utasema kuna mtu anayetembea.

Usiku wa tarehe 25 mwezi wa sita, 1911

Umeme wa siku zile ulikuwa kama wetu wa leo: unakuja, unakwenda. Kwa hiyo hoteli ilikuwa na taa nyingine za kusaidia, zilizowaka kwa gazi inayoitwa asetilini. Ni ileile tunayoiona kandokando ya barabara, kwa wale wanaochomelea vyuma: wanatia mawe ya karabide ndani ya maji, gazi inatoka, wanaiwasha.

Usiku huo mvua kubwa ya radi ilipiga, umeme ukakatika, na watumishi wakaenda kuwasha taa za gazi. Hakuna aliyejua kwamba gazi ilikuwa imevuja na kujaa katika chumba kimoja cha orofa ya pili. Mtumishi mwanamke alifungua mlango akiwa na moto mkononi. Chumba kililipuka. Sakafu ilipasuka na kuanguka chini, kwenye chumba cha kulia chakula, pamoja na mama yule. Alivunjika vifundo vya miguu yote miwili. Lakini hakufa. Katika mlipuko ule wote hakufa hata mtu mmoja.

Hadithi ya hoteli inamwita Elizabeth Wilson, mkubwa wa watumishi wa vyumba. Lakini magazeti ya siku zile yaliandika majina mbalimbali, kila moja lake. Wamama, hapo tulisimama kidogo. Jina la mwenye hoteli limeandikwa juu ya mlango mpaka leo. Jina la mwanamke aliyetumwa na kiberiti gizani, hata kuliandika sawasawa ilishindikana. Ni wangapi kati yetu wamefanya kazi katika nyumba za watu, wakaitwa tu "mama wa kazi" miaka yote?

Hoteli inasimulia kwamba Bwana Stanley alilipa matibabu yake, na kwamba alipopona alirudi kazini na kuendelea miaka mingi. Chumba kile ndicho kinachoitwa leo chumba 217.

Mfanyakazi anageuzwa mzimu

Miaka ilipita. Hoteli ilizeeka, wageni wakapungua. Mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka wa 1974 alifika mwandishi wa vitabu, Stephen King, pamoja na bibi yake Tabitha. Hoteli ilikuwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi, na wao walikuwa kama wageni pekee katika nyumba nzima. Walipewa chumba 217. Mwandishi alitembea katika barabara ndefu za ndani, zenye milango mingi na pasipo mtu, na usiku akaota ndoto ya kutisha. Kutokana na ndoto ile aliandika kitabu juu ya hoteli yenye mizimu, The Shining, kilichotoka mwaka wa 1977. Filamu yake ilifuata mwaka wa 1980, na ingawa haikupigwa katika hoteli ile, hoteli ndiyo iliyopata jina.

Tangu hapo wageni wanakuja kwa sababu ya mizimu. Wanasema kwamba yule mama wa chumba 217 bado anafanya kazi: ukiacha nguo ovyo, utazikuta zimekunjwa. Wanasema hapendi watu wasiofunga ndoa walale kitanda kimoja, eti anakuja kulala katikati yao kama baridi. (Hapo mama mmoja wetu alisema, "Huyo angefaa kuwa shangazi yangu.") Wanasema Flora, bibi ya Stanley, anapiga piano yake usiku. Wanasema katika orofa ya nne, mahali ambapo zamani walilala mayaya na watoto wa wageni matajiri, husikika watoto wakicheka na kukimbia.

Hoteli haikatai maneno hayo. Inauza tiketi za kuwatembeza watu usiku na kuwasimulia. Chumba 217 hutafutwa kuliko vingine vyote. Kwao mzimu umekuwa kama ng'ombe wa maziwa. Hatusemi ni kosa: watu wanafanya kazi, wanalisha watoto wao.

Lakini angalieni jambo hili. Mama yule hakufa ndani ya chumba kile. Alianguka, akapona, akarudi kazini. Na kilichomwangusha si roho ya mtu. Ni gazi iliyovuja, moto mkononi, na mtu ambaye hakuonywa. Sababu ilijulikana siku ileile. Lakini miaka mia moja baadaye watu wanakumbuka mzimu kuliko bomba.

Nyumba nyingine, na sumu isiyo na harufu

Huko Marekani kuna habari nyingine inayotufundisha zaidi kuliko ya hoteli. Mwaka wa 1921 mganga wa macho anayeitwa William Wilmer aliandika, katika jarida la waganga wa macho, juu ya jamaa moja iliyohamia katika nyumba kubwa ya zamani mwaka wa 1912. Baada ya muda mfupi walianza kusikia hatua za miguu usiku. Walihisi mtu amesimama karibu yao. Watoto walipauka na kukosa hamu ya kula. Wote waliumwa kichwa na kuchoka. Hata maua ya ndani ya nyumba yalikufa.

Mwishoni ndugu mmoja wa jamaa aliwaza kwamba labda wanalishwa sumu na hewa yenyewe. Wakaita fundi. Wakakuta tanuru ya kupashia nyumba joto imeharibika: moshi wake, badala ya kupanda juu kwa bomba, ulirudi ndani ya vyumba. Wakatengeneza tanuru. Hatua za miguu zikaisha, watoto wakapata nguvu, na mizimu haikuonekana tena.

Sumu ile inaitwa monoksidi ya kaboni. Hutoka katika makala, kuni au mafuta yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri, ndipo kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu, anatapika, akili inachanganyikiwa, moyo unapiga mbio. Ikizidi, mtu analala na haamki.

Tunarudi kwenye nyumba ya mbao

Baada ya kusoma habari hiyo, mtunza pesa wetu alisema: "Swali ni moja. Babula yao inalala wapi?"

Wamama wawili wakaenda kusalimu jamaa ile. Hawakwenda kuhukumu, walikwenda kama jirani. Na wakaona. Jioni mama wa nyumba anapika nje, na usiku anaingiza babula ndani, maana mvua inanyesha, wezi wanaiba, na asubuhi kuna baridi. Makala inakuwa bado nyekundu chini ya majivu. Dirisha limezibwa kwa vitambaa na plastiki. Na yule mtoto wa miaka 9 hulala kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye babula, kuliko wengine wote.

Ndiyo maana yeye alikuwa mgonjwa kuliko wote. Alikuwa akitapika asubuhi, anasinzia shuleni, anajibu maneno yasiyoeleweka. Watu walisema: "Amechoka kwa sababu usiku anasafiri." Wamama, ugonjwa wake ndio uliofanywa ushahidi wa kumshitaki.

Siku kumi sasa babula inabaki nje, chini ya kibati kidogo walichokitengeneza, na dirisha limefunguliwa upande mmoja. Wote walipelekwa kituo cha afya. Vichwa vimeacha kuuma. Mtoto bado yuko katika nyumba ile, na amerudi shuleni. Lakini hatutawadanganya: maneno ya jirani hayajaisha. Bado kuna watoto waliokatazwa kucheza naye. Dirisha tulilifungua kwa saa moja, lakini maneno yaliyotoka kinywani hayarudi kwa haraka hivyo.

Kwetu hewa mbaya ina jina

Sisi wa pande za Goma na Sake tusiwacheke Wamarekani. Tangu zamani tunalo neno mazuku, ambalo wengi hulieleza kama upepo mbaya. Wazee walijua kwamba kuna mashimo na mabonde ambamo mbuzi anaingia na hatoki, na mtoto anayefuata mbuzi pia hatoki. Wengi walisema ni pepo wa mahali.

Leo tunajua ni gazi inayotoka chini ya ardhi yetu ya volkano, dioksidi ya kaboni. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya katika mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kupita amesimama bila kuhisi neno, kumbe mtoto aliye mfupi, au aliyelala chini, anaivuta. Wazee hawakuwa wajinga: hatari waliiona vizuri, wakaipa jina, wakakataza watoto kufika. Sisi tumeongezewa kujua sababu yake. Lakini mahali pengine tumesahau katazo, na tunajenga nyumba ndani ya mashimo yaleyale.

Mambo ya kufanya nyumbani

Katika mkutano wetu tulikubaliana haya, na tunawaomba mkayasome katika vikundi vyenu.

Kwanza, babula yenye makala haiingii ndani usiku, hata ikionekana imezimika. Majivu yanaficha moto. Kama watu wote wa nyumba wanaamka na kichwa kinachouma, na wakitoka nje wanapata nafuu, msingoje. Toeni kila mtu nje, fungueni milango, kisha mwende kituo cha afya na mseme wazi kwamba mlilala na babula.

Pili, wenye kupikia chupa ya gazi: gazi ya kupikia ni nzito, inatambaa chini sakafuni. Wanaoitengeneza huitia harufu mbaya kusudi tuigundue. Ukisikia harufu hiyo, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Funga chupa, fungua milango, toa watoto. Bomba lake lipakwe povu la sabuni: penye kuvuja pataota mapovu. Kumbukeni mama wa chumba 217 aliyefungua mlango na moto mkononi.

Tatu, mahali pa mazuku: mtoto asitumwe kuchota maji au kuchunga mbuzi katika mashimo alfajiri. Ukiona ndege au wanyama wadogo wamekufa shimoni, ondoka. Ukiona mtu ameanguka humo, usimkimbilie peke yako bila kuita watu, maana wengi wamekufa wakitaka kuokoa.

Nne, kabla ya kusema nyumba ina pepo, ulizeni maswali ya fundi: moto uko wapi, hewa inapita wapi, nani analala karibu na nini, nani anaumwa zaidi. Anayeamini maombi aombe. Hatuzuii. Lakini aombe dirisha likiwa wazi.

Tano, mtoto. Katiba ya inchi yetu, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Inamhusu mzazi, jirani, na hata mchungaji. Na mama mzee naye asiguswe kwa maneno hayo. Wengi wameuawa katika Kivu yetu kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kutupikia sisi.

Kule Estes Park mzimu analeta wageni. Huku kwetu mzimu anamfukuza mtoto nyumbani. Hiyo ndiyo sababu hatuwezi kuchezea maneno haya kama wao.

Jumatano ijayo, baada ya likelemba, tutapita wote pamoja kusalimu jamaa ya ile nyumba ya mbao. Kila mwenye mtoto wa miaka 8, 9 au 10 aje naye, apate kucheza na binti yule mbele ya macho ya jirani wote. Tukiwa wamama ishirini barabarani na watoto wetu, labda maneno yale yatapungua.

Tukutane Jumatano.